Amelala au amejilaza? Uchovu na usingizi kwa wenye MS

Saa nane mchana, Tanga, Februari, kaskazi imeshika. Wifi yangu amejinyoosha juu ya mkeka sebuleni, kanga mbichi imemfunika uso. Cherehani iko pembeni, na juu yake gauni la sendofu lenye mkono mmoja. Wa pili bado umeshikizwa kwa pini. Jirani anapiga hodi, anachungulia, anashusha sauti: "Kumbe fundi amelala. Tumwache." Kabla hajafika hatua tatu anamwambia mwenzake kuwa siku hizi fundi kazi yake ni kulala, bila shaka ana mimba.

Fundi alisikia kila neno. Chini ya ile kanga macho yalikuwa wazi. "Nilitaka nimjibu kwamba sina mimba," aliniambia jioni huku akicheka, "ila nilipima nikaona nguvu iliyobaki ni ya kupika wali au ya kumjibu yeye. Nikachagua wali."

Ana maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva ambao wenyewe wanauita kwa herufi mbili tu, MS. Ulimwanzia kwenye uzi. Uzi mwekundu akiutazama kwa jicho la kushoto ulikuwa mwekundu. Akiutazama kwa la kulia, umepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Ikafuata ganzi ya miguu, safari za Dar es Salaam, kipimo cha MRI kinachopiga picha ya ubongo, na hatimaye jina. Jicho lilirudi baada ya wiki kadhaa. Kilichobaki, na ambacho hakuna mtu anayekiona, ni kile alichokuwa nacho pale mkekani. Jirani alikiita usingizi. Daktari mmoja, aliyeambiwa "nimechoka," alijibu "basi uwe unalala mapema." Wote wawili walikosea mahali pamoja, na nadhani Kiswahili chetu kina mkono kidogo katika kosa hilo.

Kwetu kulala ni kuweka mwili chini, na kulala ni kupata usingizi. Mtu "amelala" akiwa anakoroma, na "amelala" akiwa anatazama dari na kuwaza ada ya shule. Kuchoka nako kumebebeshwa mengi: amechoka aliyelima tangu alfajiri, amechoka aliyekesha msibani, amechoka aliyefilisika, na hata shati likiisha kola tunasema limechoka. Katika maisha ya kawaida hakuna anayepotea. Kwa mwenye MS hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu ndani ya "nimechoka" yake mnaweza kuwa na vitu viwili vyenye asili tofauti na tiba tofauti, na mara nyingi vyote viwili vimepanga katika mwili mmoja.

Usingizi ni mvuto. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyozidi kuwa nzito, ukilala, inapungua. Pamoja nayo inafanya kazi saa ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Kahawa inakuamsha kwa sababu kafeini inakalia viti vya adenosini. Deni lenyewe hailipi. Dalili zake hazihitaji daktari: miayo, kidevu kuangukia kifuani, kusoma mstari uleule mara tatu. Dawa yake ni kulala, na ukilala vya kutosha unaamka mwepesi.

Uchovu wa MS hauna mvuto huo. Ni kutaka kufanya jambo ukakuta mwili, au akili, haina cha kutoa. Mwenye nao anaweza kulala usiku kucha bila kukatizwa, akaamka saa kumi na mbili, na ilipofika saa tatu akawa kama mtu aliyeshusha magunia bandarini. Ukimpa mkeka mchana anajinyoosha, lakini usingizi hauji. "Huu hauna miayo," wifi husema. Zaidi ya robo tatu ya watu wenye MS wanaujua, na wengi wao ukiwauliza ni dalili ipi inawatesa kuliko zote, hawakutajii ganzi wala kuyumba. Wanautaja huu.

Unatoka wapi? Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inashambulia mayelini, utando wa mafuta unaozifunika neva za ubongo, za uti wa mgongo na za macho kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Panaposhambuliwa hubaki kovu. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza makovu hayo mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, na jina la ugonjwa limetokana nayo. Neva iliyochubuka bado inapitisha ujumbe, ila kwa kuchelewa na kwa kuvuja.

Chukua barabara ya Tanga kwenda Segera, mvua imesomba daraja. Basi halisimami: linakata kona, linazunguka kwa njia ya vumbi, linafika. Abiria anachoona ni kwamba limefika. Dereva anaangalia geji ya mafuta. Ubongo wenye makovu unafanya mzunguko kama huo. Picha za MRI zinazopigwa mtu akiwa anatenda jambo zimeonyesha kwamba kwa kazi ndogo tu, kama kugusanisha vidole, mwenye MS huwasha maeneo mengi ya ubongo kuliko asiye nayo. Ndiyo maana kumtazama wifi akitunga uzi kwenye sindano hakukuambii chochote. Uzi umeingia, kama unavyoingia kwako. Gharama ndiyo haionekani.

Wataalamu wanataja pia chanzo kingine, na hiki mtu yeyote aliyekulia pwani anaweza kukielewa bila kwenda darasani. Unaikumbuka ile siku ya kwanza ya malaria, homa haijapanda vizuri, lakini viungo vimekwisha na hutaki hata kuongea? Sehemu kubwa ya hali ile inaletwa na kinga yako mwenyewe: inamwaga kemikali ziitwazo saitokini, ambazo miongoni mwa kazi zake ni kuuambia ubongo uache shughuli, ujilaze. Kwa mtu wa malaria, dawa ikifanya kazi amri hiyo inaondolewa. Katika MS moto unawaka pole pole ndani ya ubongo kwenyewe, na inadhaniwa kwamba amri ile haiondolewi kabisa.

Kisha kuna joto, na hapa nitakaa kidogo, maana joto ndilo tulilonalo la kugawa.

Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliandika habari za wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia walipojishughulisha na kurudi walipopumzika. Yeye alidhani kinachowaponza ni jitihada yenyewe. Baadaye ikaeleweka kuwa ni joto la mwili lililopandishwa na ile jitihada. Neva iliyovuliwa mayelini inafanya kazi ukingoni. Joto la mwili likipanda hata nusu digrii, ujumbe unaweza kukatikia njiani. Kabla MRI haijaja, kuna madaktari waliotumia jambo hili kama kipimo: mtu anaingizwa kwenye beseni la maji ya moto, kisha wanasubiri kuona kama dalili zitachomoza.

Wifi hakuhitaji beseni. Alikuwa na pasi ya mkaa. Kazi zote za siku alikuwa akizikusanya na kuzipiga pasi baada ya chakula cha mchana, mkaa ukiwa umekolea, mlango umeachwa wazi kwa ajili ya upepo ambao haukuwepo. Siku moja nilikuwa nimekaa naye. Alipiga kola, akapiga bega, na kabla hajafika pindoni mkono ukaanza kumtetemeka. Akaishusha pasi juu ya kigae kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akasema jicho la kulia limeingia ukungu. Tulitoka uani, akajimwagia kata mbili za maji kichwani na kukaa chini ya mwembe. Baada ya nusu saa hivi ukungu ukaondoka, akarudi kuangalia kama nguo haijaungua.

Siku ile hakuna neva iliyokufa. Joto lilikata ujumbe, ubaridi ukaurudisha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu huogopa sana wakati huo wakidhani ugonjwa umepiga hatua. Homa nayo hufanya vilevile, na kwetu homa mara nyingi ni malaria au UTI. Mwenye MS aliyeamka ghafla amelegea na miguu haimbebi apimwe malaria na mkojo kwanza kabla mtu hajatamka neno shambulio jipya. Homa ikishuka, huenda na miguu ikarudi.

Usije ukadhani basi kwamba wenye MS hawana usingizi wa kweli. Wanao, mwingi, na sababu ni kwamba usiku wao unaibiwa. Kibofu ambacho neva zake zimeguswa kinaamsha mtu mara nne. Misuli ya miguu inakakamaa saa tisa usiku. Maumivu. Sonona, ambayo huwapata wenye MS zaidi kuliko watu wengine, na ambayo inaweza kumnyima mtu usingizi au kumlaza mchana kutwa. Halafu dawa zenyewe: baklofeni ya misuli, gabapentini ya maumivu ya neva, tizanidini, amitriptilini, zote zinaleta usingizi. Ongeza na Piriton iliyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mafua, bila daktari wa MS kujua, halafu shangaa kwa nini mtu anasinzia kwenye daladala hadi anapitishwa kituo.

Wezi wawili wanastahili kutajwa peke yao kwa sababu wanatibika na wanasahaulika.

Mmoja ni miguu isiyotulia. Ukijilaza jioni, ndani ya miguu kunakuwa na kitu, wengine wanasema kama wadudu wanatembea, wengine kama soda, na hakitulii mpaka uinuke utembee. Utafiti wa Italia wa mwaka 2008 ulikuta hali hii kwa watu 19 katika kila 100 wenye MS, wakati kwa watu wasio na MS walikuwa kama 4 tu. Wifi alikuwa nayo kwa miaka, hakuwahi kumwambia mtu, akiamini ni sehemu ya ganzi. Sasa hali hii ina uhusiano wa karibu na madini ya chuma, na wanawake wenye upungufu wa damu kwetu si wa kutafuta kwa tochi. Alipopimwa, akiba yake ya chuma ilikuwa imekauka. Alitumia vidonge vya chuma kwa miezi, miguu ikatulia, akaanza kulala usiku, na kule kusinzia juu ya cherehani kukaisha. Uchovu wa saa nane mchana haukuondoka. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa kwamba muda wote alikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa nguo moja.

Wa pili ni kukatika kwa pumzi usingizini. Njia ya hewa inaziba, mtu anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Anayejua ni mwenzake wa kitandani. Makovu ya MS yakikaa kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa upumuaji na misuli ya koo, hatari inaongezeka, na unene huongeza zaidi. Watafiti wa Michigan, Marekani, waliwapa wagonjwa wao wa MS maswali ya uchunguzi na kuripoti mwaka 2014 kwamba zaidi ya nusu walikuwa na dalili za kuwaweka kwenye hatari hiyo, wakati waliokuwa wamekwisha kuambiwa wana tatizo hilo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo swali la "unakoroma?" aulizwe pia mume au mke. Koromo la mume tunalitania harusini. La mke halitajwi kabisa, na wenye MS wengi ni wanawake.

Upo pia usingizi wa aina nyingine ambao si wa kusubiri miadi ya mwezi ujao. Mtu aliyekuwa akilala kawaida, ndani ya siku chache anaanza kulala mchana na usiku, anaamshwa kula na kurudi kulala. Hii inaweza kumaanisha kovu jipya limetua kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo upande wa chini wa ubongo yenye seli za oreksini zinazotuweka macho. Hutokea kwa MS, ila humfanya daktari amfikirie hasa binamu yake, neuromaielaitisi optika, ugonjwa ambao kinga yake inalenga protini iitwayo akwaporini-4, inayopatikana kwa wingi katika eneo hilo. Ugonjwa huu huwapata watu wa asili ya Afrika na Asia kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, na huko nyuma wengi waliandikiwa kuwa wana MS kwa sababu nao hupiga macho na uti wa mgongo. Kuwatofautisha kuna maana, kwani baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, zinaweza kuuzidisha. Kipimo cha damu cha kuutambua kipo tangu miaka ya 2000.

MS yenyewe ni adimu karibu na ikweta, na ndiyo sababu daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone mgonjwa mmoja. Duniani walihesabiwa watu milioni 2.8 mwaka 2020. Lakini mahali mtu anapokulia pana uzito: watoto wa wahamiaji wa Kiafrika waliozaliwa Uingereza walionekana kuwa na hatari inayokaribia ya Waingereza wenzao. Kwa hiyo familia ya Tanga ambayo haijawahi kusikia jina hili inaweza kuletewa kwa simu kutoka London, pamoja na sentensi ileile: nimechoka, nimechoka tu.

Kliniki zina madodoso mawili ya kutenganisha. La usingizi lilitungwa na Murray Johns mjini Melbourne mwaka 1991 na linaitwa Epworth, jina la hospitali aliyofanyia kazi. Linataja hali nane, kama kukaa unasoma, kutazama televisheni, kuwa abiria kwenye gari saa nzima, kuongea na mtu, na kukuuliza uwezekano wa kusinzia, kuanzia 0 hadi 3. Ukivuka 10 kati ya 24, usingizi wako wa mchana umezidi. La uchovu ni la mwaka 1989, lina kauli tisa, kila moja inapewa 1 hadi 7. Wastani wa 4 kwenda juu unahesabiwa uchovu wa kutajwa. Mtu anaweza kuwa juu kwenye moja na chini kwenye jingine, na tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Mimi bado naupenda mkeka. Ukijilaza mchana mahali patulivu, unapotea ndani ya dakika chache, au unabaki ukisikiliza majirani?

Jibu linaamua ufanye nini. Anayepotea atafutiwe mwizi wa usiku, na asiendeshe pikipiki wala gari mpaka apatikane. Anayebaki akisikiliza, kumwongezea saa za kitandani hakumsaidii, na kukaa sana kitandani kunadhoofisha misuli hadi kazi ya jana inakuwa nzito zaidi leo. Kwake yeye kuna mazoezi ya mwili yanayopanda kidogo kidogo, kwenye ubaridi wa asubuhi, kuupoza mwili kabla na baada, na kupanga siku kama mtu mwenye noti moja sokoni.

Vidonge? Kwa miaka madaktari wameandika amantadini, modafinili na methilfenidati. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani ambamo watu 141 wenye MS walipewa kila dawa kwa zamu, na kwa zamu yake kidonge kisicho na dawa. Hakuna hata moja iliyokishinda kidonge kitupu katika kupunguza uchovu, na zote zilileta madhara zaidi. Binafsi sikushangaa sana: modafinili ni dawa ya kufukuza usingizi, na hapa imepewa watu ambao wengi wao tatizo lao si usingizi. Jaribio jingine la mwaka 2024, la watu zaidi ya 300, lililinganisha modafinili na tiba ya mazungumzo kwa simu inayofundisha mtu kubadili fikra na mazoea yake kuhusu uchovu. Baada ya wiki 12 wote walipata nafuu ya kiwango karibu sawa, na waliopewa vyote viwili hawakuwazidi wenzao. Kati ya kidonge na simu, najua wifi angechagua nini; modafinili hupunguza pia nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na maneno ya jirani yangekuja kutimia.

Siku hizi pasi inawashwa baada ya sala ya alfajiri, mkaa kidogo, nguo nne basi. Mambo yanayotaka hesabu, kama kukata vitambaa, yanafanyika kabla ya saa nne. Kwenye ndoo kuna chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji la duka la jirani, yule yule. Saa nane anajinyoosha mkekani kwa nusu saa, na hataki kuitwa mgonjwa wala mvivu.

Nilipita juzi nikamkuta mtoto wake wa miaka saba mlangoni. Nikauliza kama mama amelala.

"Hapana, shangazi, amejilaza," akasema. "Ukitaka kumwambia kitu mwambie tu, anasikia. Ila usisubiri jibu mpaka saa tisa."